Yosefu wa Pili

Mtakatifu Yosefu alikuwa amelala juu ya meza ya Irena Dudek ndani ya mfuko wa nailoni, udongo umemjaa usoni. Alikuwa wa plastiki, mdogo wa kuenea kiganjani, wa aina inayouzwa katika kila duka la vitu vya kanisa hapa mjini Erie. Kiunoni alifungwa kadi kwa mpira mwembamba, na kadi ilisomeka: Renata Wilk, Wakala wa Nyumba.

Shida ni kwamba Renata Wilk hakuwa wakala wa nyumba. Alikuwa mtengeneza nywele aliyesoma kozi ya udalali, akafaulu mtihani, akapata ofisi ya kumdhamini, na sasa alikuwa akisubiri jambo moja tu, leseni yenyewe. Leseni ilitoka idara ya jimbo, na Irena alikuwa mpelelezi wa idara hiyo. Ijumaa baraza lingekaa kuamua. Ikithibitika kwamba Renata alifanya kazi ya udalali kabla ya kuruhusiwa, maombi yake yangetupwa, na doa hilo lingemfuata kila mahali atakapobisha hodi.

Aliyemshtaki ni Chester Grabski, dalali mkongwe wa upande wa mashariki, mtu ambaye meno yake yote yanaonekana kwenye kalenda anazogawa mtaa mzima. Aliandika kwamba mwezi wa Februari Renata aliuza nyumba ya mjane Stella Rogal, mtaa wa Pulaski, akijiita wakala, na kwamba alimzika Yosefu huyu mguuni pa bango la mauzo akiwa na kadi yake. Hilo la kuzika halikumshangaza Irena. Kila Mpolandi wa mji huu anajua kazi ya Yosefu: nyumba ikigoma kuuzika unamfukia uani kichwa chini, na ikishauzika unamfukua, unamwosha, unahama naye.

Kilichomsumbua ni ripoti ya polisi iliyoambatanishwa na maombi, kama inavyotakiwa kwa kila anayeomba leseni. Miaka tisa iliyopita Renata alikamatwa kwa kuvunja dirisha la ofisi ya Grabski kwa chupa ya bitiruti. Alikuwa ametoka kumzika mama yake. Alilijaza kosa hilo mwenyewe kwenye fomu, na mahali pa kueleza sababu aliandika neno moja tu: "Hasira."

Irena alimkuta saluni, anafagia nywele. Kiti chake pale dirishani kilishapewa mtu mwingine, kwa sababu Renata alikuwa ameaga kazi mapema mno. Sasa alikuwa akifagia kwa hisani ya mwenye saluni. Mama wa makamo mwenye rangi kichwani aligeuza shingo ili asikie vizuri, na Irena akamwomba Renata watoke nyuma.

Renata alikiri bila kubembelezwa kwamba alimsaidia Bibi Stella. Alizoa theluji mlangoni, akawapikia wageni kahawa, akawafungulia milango. Nyumba aliiuza bibi mwenyewe na mwanasheria wake.

"Alikulipa nini?" Irena akauliza.

"Sufuria ya kabichi iliyojazwa nyama. Na sufuria nilimrudishia."

"Kadi hizi zilichapwa lini?"

"Januari. Siku niliyojiandikisha kozi."

"Hujafanya mtihani, hujasoma hata ukurasa mmoja, unachapisha kadi ya uwakala?"

"Nilitaka kuliona jina limeandikwa," Renata akasema. "Wilk. Ni jina la mama yangu."

Habari ya mama huyo Irena alikuwa ameisoma kwenye jalada la zamani lililofungwa kabla yeye hajaajiriwa. Jadwiga Wilk, mjane, alimwamini Grabski amuuzie nyumba. Grabski akamwambia paa limeoza, mtaa umekwisha, hakuna atakayeitaka, ashukuru akipata mnunuzi yeyote. Akamletea mnunuzi. Mnunuzi huyo alikuwa shemeji yake Grabski, na kabla majira ya joto hayajaisha nyumba ikauzwa tena kwa bei iliyowafanya majirani wazime redio wasikilize vizuri. Jadwiga alifia chumba cha kupanga juu ya duka la dobi. Saini zote zilikuwa zake, kwa hiyo sheria haikuwa na la kusema, na Grabski alituma shada la maua msibani. Mtu wa namna hiyo, hata ukimrushia bitiruti za kiwanda kizima hujakosea.

Lakini Irena hakulipwa kwa kuhurumia watu. Mwanamke mwenye kisasi cha miaka tisa na kadi mkononi tangu Januari alikuwa na kila sababu ya kukosa subira. Akaomba kuliona boksi la kadi. Renata akalitoa chini ya droo ya vitana. Zilikuwa zimepangwa kwa kubanana kama zilivyotoka kiwandani, isipokuwa mbele palipokuwa na upenyo mwembamba.

"Imetoka moja," Irena akasema.

"Labda walichapa pungufu."

Irena alishasikia uongo mwingi wa watu wanaotaka leseni, na huu ulikuwa wa kitoto. Alimtazama mpaka Renata akaangalia ufagio wake.

"Ukiikumbuka ilikokwenda, niambie kabla ya Ijumaa," akamwambia. "Baada ya hapo hata ukilia haitakusaidia kitu."

Alipoondoka alikuwa ameshaanza kutunga ripoti kichwani, na haikuwa nzuri kwa Renata Wilk.

Mwenye nyumba mpya wa mtaa wa Pulaski aliitwa Travis Beecher, fundi wa kiwanda cha vichwa vya treni, kijana wa kutoka Ohio asiyejua kitu kuhusu Yosefu wala Poland. Alimwonyesha Irena shimo alimomfukua Yosefu. Lilikuwa mbele ya uwanja karibu na njia ya watembea kwa miguu, na sasa mlikuwa na mche wa yasi-yasi wenye maua ya zambarau.

"Mwanzoni nilidhani ni mwanasesere," Travis akasema. "Halafu mke wangu akasema ni uchawi. Hajalala vizuri tangu siku ile."

Irena akamwambia amtulize mke wake, huyo ni mtakatifu wa watu. Kisha akauliza mche ule walinunua wapi.

"Hatukununua. Kaleta yule mzee wa kalenda. Bwana Grabski. Kila mtu anayehamia mtaa huu anampa kitu."

"Na mahali pa kupanda mlichagua wenyewe?"

"Yeye. Kasema panda hapa hapa lilipokuwa bango, udongo wake mzuri. Na kweli. Kwingine kote nimevunjika mgongo, pale koleo liliingia lenyewe."

"Lenyewe kama vipi?"

Travis akafikiri. "Kama mtu keshakuchimbia."

Akaendelea kueleza bila kuulizwa kwamba mzee alikuwa na roho nzuri sana, maana jioni ile ile alipita kuona mche unaendeleaje, akamkuta Travis ameshika sanamu hajui aifanye nini, akaipiga picha, akaomba akabidhiwe. Irena akaandika yote. Bahati ya namna hiyo, ya kupita saa ile ile, haimwangukii mtu asiyeiandaa.

Hata hivyo bado haikutosha. Grabski angeweza kusema alijua sanamu iko pale kwa sababu alimwona Renata akiifukia, na kwamba mche ulikuwa njia ya kuifukua bila kugombana. Irena alisimama ukingoni mwa barabara akitafuta ufunguo wa gari mfukoni, macho yakazurura ng'ambo. Kulikuwa na nyumba nyingine inayouzwa, imekaa sokoni tangu majira ya baridi, na bango lake lilikuwa limesimama ndani ya ndoo. Ndoo ya rangi iliyojazwa kokoto.

Akalitazama bango lile mpaka Travis akamuuliza kama yuko sawa.

"Niko sawa," akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.

Bibi Stella Rogal alikuwa makao ya wazee karibu na ziwa, mbele ya televisheni, anawatukana washindani wa mchezo wa maswali. Juu ya televisheni, kwenye kitambaa cheupe cha kufuma na ua la karatasi pembeni, alisimama Mtakatifu Yosefu wa plastiki, msafi, kichwa juu.

"Yule ni nani, bibi?" Irena akauliza, ingawa alijua.

"Yosefu wangu wa Pulaski. Kaniuzia nyumba, nimemleta apumzike."

"Ulimzika wapi?"

Bibi akapunguza sauti ya televisheni. "Binti, ulikuwa hapa Februari? Ardhi ilikuwa chuma. Marehemu wenyewe walisubiri kwenye kibanda cha makaburi mpaka jua litoke. Nilimchomeka kwenye chungu cha maua dirishani jikoni, miguu juu, ananiangalizia barabara."

"Na bango?"

"Tuliliweka kwenye ndoo. Ndoo yangu ya matango ya chumvi, Renata aliijaza mchanga. Mpaka leo nadhani bango lile linanuka bizari."

Akamtuma Irena ukutani. Ilikuwa picha ya siku nyumba ilipopata mnunuzi: bibi na Renata wamekumbatiana, theluji magotini, na katikati yao bango lililoandikwa kwamba nyumba inauzwa na mwenyewe, limesimama ndani ya ndoo ya kijani. Pale ambapo Grabski aliapa kwamba Renata alichimba hapakuwa na shimo la bango wala la mtakatifu. Yosefu wa nyumba ile alikuwa mmoja, na alikuwa juu ya televisheni. Huyu wa ofisini alikuwa wa pili, aliyefukiwa baada ya ardhi kulainika, na mtu ambaye hakuuona msimu wa baridi.

Irena alipoomba kuiazima picha, bibi alimshika mkono.

"Ni Grabski, sivyo? Tangu mume wangu afe alikuwa akinibishia mlango, anaitaka nyumba. Ananiletea kalenda, ananiletea maboga. Nilikuwa nazima taa namwacha asimame. Jadwiga alikuwa jirani yangu. Mwambie nilimnyima makusudi, na mwambie kwa jina langu."

Irena alisema hilo halimo katika kazi yake. Bibi akasema basi aiazime bure.

Alirudi saluni kabla hawajafunga. Safari hii hakumtoa Renata nje. Alimwambia tu kwamba anajua kadi ilikokwenda, ila anataka aisikie kwake. Renata akaweka ufagio chini.

"Siku niliyofaulu nilitoka chumba cha mtihani, nikaendesha moja kwa moja mpaka kwake," akasema. "Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Florida, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Nikamwekea kadi mezani. Nikamwambia soma jina hilo kwa sauti, maana utalisikia kwenye kila nyumba ya mtaa huu mpaka ufunge duka."

"Huna leseni, unampelekea dalali mwenye leseni kadi ya uwakala."

"Najua."

"Ungekaa kimya angekuwa hana kitu cha kukufunga nacho."

"Najua, dada Irena. Nimejua tangu ulipoliangalia boksi. Lakini ningefanya tena."

Irena akatoa karatasi. Alimwandikisha maelezo yale na kumwonyesha mahali pa kuweka saini.

Ofisi ya Chester Grabski ilikuwa na zulia zito na bakuli kubwa la machungwa. Mwenyewe alikuwa bado na rangi ya jua la Florida, anakokaa kila mwaka tangu theluji ya kwanza mpaka karibu na Pasaka, kama wazee wenye nafasi wa mji huu wafanyavyo. Alisimama kumpokea.

"Binti Dudek. Mzee wako hajambo? Machungwa yalifika?"

"Yalifika Februari kama kawaida. Alifurahi sana."

"Mzee mwenzangu yule. Nyumba mnayokaa nilimtafutia mimi."

Irena akakaa, akaweka kinasa sauti mezani, akamsomea maneno ya kiapo, akamkumbusha kwamba mwenye leseni akitoa maelezo ya uongo kwa idara anaiweka leseni yake mwenyewe rehani. Grabski akapunga mkono kwamba hayo anayajua tangu Irena hajazaliwa. Alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri kuletewa chai.

Akamwacha aeleze. Alieleza vizuri, kwa huzuni ya mtu anayelazimika kumsema mtoto wa jirani. Irena hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza alimuuliza kitu kimoja: haya aliyaona mwenyewe, au aliambiwa? Kama aliambiwa, alisema kwa upole, baraza halitayapa uzito.

"Niliyaona kwa macho yangu," Grabski akasema.

"Februari."

"Februari. Nilipita pale na gari. Bango limepigiliwa ardhini, na yeye amepiga magoti anafukia."

"Limepigiliwa ardhini. Una uhakika?"

"Binti, nimepigilia mabango mimi kabla hujaota meno."

"Lini mara ya mwisho kupigilia moja mwezi wa Februari?"

Grabski akachukua chungwa moja bakulini. Irena akaweka picha mezani, akaigeuza imtazame. Bibi, Renata, theluji, ndoo ya kijani. Halafu akaweka kadi ya salamu aliyoichukua jikoni kwa baba yake asubuhi ile, iliyokuja na machungwa. Ilimwonyesha Grabski ndani ya mashua amevaa kaptura, na muhuri wa posta wa Florida nyuma yake ulikuwa wa Februari.

"Msimu huu wote hakuna aliyepigilia hata kijiti," Irena akasema. "Mtu yeyote aliyeupitia hapa anajua. Wewe hukuupitia."

"Basi niliambiwa," Grabski akasema.

"Na nani?"

Nje mtu aliwasha mashine ya kukatia majani.

"Bwana Grabski, Renata alitoa kadi moja tu. Ningependa kujua ilimfikiaje Yosefu."

Hapo angeweza kunyamaza na kumwita mwanasheria wake, na mtu mwenye akili zake angefanya hivyo. Lakini uso wake ulikuwa umeshabadilika. Kisasi kina tabia ya kutaka kusikilizwa, na cha Grabski kilikuwa kimekaa tumboni tangu siku ile.

"Unajua alivyonifanya?" akasema. "Aliingia humu mbele ya wateja wangu, msusi, mtu wa kufagia nywele, akanitupia kadi hapa. Hapa mezani pangu. Akaniambia nilisome jina la mama yake kwa sauti. Miaka arobaini nimeujenga mtaa huu. Ulitaka nimwachie?"

"Hapana," Irena akasema. "Nilitaka useme kwamba kadi ulipewa wewe, na kwamba ulipewa baada ya mtihani."

Akakionyesha kinasa sauti kwa kidole. Taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka. Grabski akasukuma bakuli la machungwa kando kana kwamba ndilo lililomchongea.

Alipofika mlangoni Irena akageuka. Alisema Bibi Stella Rogal anamsalimu, na kwamba nyumba alimnyima makusudi. Halikuwamo katika kazi yake, na hakuliandika popote.

Ijumaa baraza halikukaa muda mrefu. Irena alisoma yote, pamoja na kosa la Renata la kuchapisha kadi na kuitoa kabla ya wakati, maana alikuwa ameapa kusoma yote. Renata akapewa onyo la maandishi, na leseni yake ikaidhinishwa. Jalada la Grabski likafunguliwa siku hiyo hiyo, na mmoja wa wajumbe, anayejulikana kwa kutosema kitu, alisema anashangaa kama ofisi ile itakuwa na dalali mwenye leseni ndani yake ikifika vuli.

Renata alikuwa akisubiri kwenye benchi la ukumbini amevaa koti la mama yake. Irena alipomweleza hakulia, hakumkumbatia, hakushukuru. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Yule Yosefu," akasema. "Naweza kumpata?"

"Huyo ni kielelezo. Atakaa kabatini mpaka kesi ya Grabski iishe."

"Si kitu. Nitanunua mwingine."

"Wa nini? Hata nyumba ya kuuza bado huna."

Renata akasimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Akinyang'anywa leseni, ile ofisi lazima ataiuza," akasema. "Nitamzikia Yosefu mimi, dada Irena, mbele kabisa, pale chini ya dirisha nililovunja. Siku hizi ardhi ni laini."